Kutoka Kikundi cha Redio hadi Simu ya Video: Historia ya Kujifunza kwa Ushirikiano kupitia Sauti na Picha za Mbali katika Shule za Msingi za Pembezoni mwa Dar es Salaam, 1951–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna sauti na picha zinazotoka mbali zilivyoingia katika ufundishaji wa watoto wa shule za msingi jijini Dar es Salaam, hususani katika maeneo ya pembezoni ya Kinondoni na Temeke, tangu kuanzishwa kwa Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 hadi miaka iliyofuata mlipuko wa UVIKO-19. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa chombo cha mawasiliano kuleta ushirikiano wa kujifunza ulitegemea zaidi namna watu walivyopangwa kukizunguka kuliko ubora wa chombo chenyewe. Redio, ambayo husema bila kusikiliza, ilizaa mijadala ya watu wapatao milioni mbili mwaka 1973 kwa sababu iliwekwa katikati ya kikundi chenye kiongozi. Mazungumzo ya video, ambayo husema na kusikiliza, yaliwaacha nje watoto wengi mwaka 2020 kwa sababu kipimo chake kilikuwa kaya na mfuko wa mzazi. Insha inahitimisha kwamba mustakabali wa mazungumzo ya video katika shule za umma unategemea kurejeshwa kwa darasa na kikundi kuwa kipimo cha kugawa chombo.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo ya video ni mawasiliano ya papo kwa papo ambamo watu walio mahali tofauti huonana na kusikilizana kupitia simu janja, kishikwambi au kompyuta. Katika mijadala ya elimu ya karne ya 21, chombo hiki huelezwa mara nyingi kama jambo jipya kabisa, lisilo na mtangulizi. Mtazamo huo unaficha historia ndefu. Kabla ya mtoto wa Mbagala au Bunju kuona uso wa mwalimu katika kioo cha simu, wazazi na babu zake walikwisha kuketi mbele ya sanduku lililosema kutoka mbali, na serikali ilikwisha kujiuliza maswali yale yale: nani atapata chombo, nani atasema, na nani atabaki msikilizaji.

Insha inafuata mpangilio wa kihistoria. Inaanza kwa kueleza mazingira ya Kinondoni na Temeke, kisha inapitia enzi ya redio, kipindi ambacho Tanzania Bara haikuwa na televisheni, majaribio ya video darasani kuanzia mwaka 2007, kufungwa kwa shule mwaka 2020, na matumizi ya video yaliyofuata. Katika kila hatua, maswali mawili yanaulizwa. La kwanza ni chombo kiligawiwa kwa kipimo gani: kwa mtu, kwa kaya, au kwa kikundi. La pili ni mwanafunzi alipewa zamu ya kusema au la.

2.0 Kinondoni na Temeke: Jiji Linalokua Kuelekea Pembezoni

Mgawanyiko wa Dar es Salaam una mizizi ya kikoloni. Jiji lilipangwa kwa misingi ya rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilijenga makazi ya Waafrika katika maeneo kama Ilala, Magomeni na Temeke, ilhali Oysterbay ilibaki makazi ya Wazungu. Baada ya Uhuru ubaguzi wa kisheria uliondoka, lakini ramani ya huduma iliendelea kufuata nyayo zake.

Kinondoni ndiyo wilaya inayoonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Ndani ya mipaka yake yapo maeneo ya Masaki na Oysterbay, na yapo pia Tandale, Bunju na Mabwepande. Mabwepande yenyewe ilipokea waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 waliohamishwa kutoka bonde la Msimbazi. Watu walipewa viwanja kabla ya huduma nyingi kuwafuata. Temeke nayo ilipanuka kuelekea kusini kwa kufuata barabara ya Kilwa, kupitia Mbagala hadi Charambe na Chamazi, maeneo ambayo katika kizazi kimoja yaligeuka kutoka mashamba ya minazi na mikorosho kuwa makazi yaliyosongamana.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, 1,775,049 walikuwa Kinondoni na 1,368,881 walikuwa Temeke. Ukubwa huo ulichangia kuzigawa wilaya hizo katika miaka iliyofuata: Ubungo ilitoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Kwa shule za msingi za umma, ongezeko hili lilikuwa na maana moja ya kila siku: watoto wengi kuliko madarasa. Shule kadhaa za pembezoni zililazimika kufundisha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na lingine mchana, katika vyumba vile vile. Historia ya chombo chochote cha mawasiliano katika shule hizi ni lazima isomwe ndani ya chumba hicho kilichojaa.

3.0 Redio na Kikundi, 1951–1975

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kituo hicho kilikuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Vipindi vya shule vilikuwa sehemu ya kazi yake. Darasa lilikusanyika, redio ikafunguliwa kwa saa iliyopangwa, na mwalimu akaendeleza somo baada ya sauti kunyamaza. Nje ya saa za shule, kipindi cha watoto cha Mama na Mwana kiliwakusanya watoto wa mtaa mzima kwenye redio ya jirani.

Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, viliipa redio dhima mpya. Waraka huo ulilaumu elimu iliyomtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kushindana badala ya kushirikiana. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, redio ilikuwa tayari imeanza kujaribiwa kama chombo cha kujifunza kwa pamoja. Kampeni ya Kupanga ni Kuchagua ilihusu mpango wa maendeleo wa pili. Wakati wa Furaha iliadhimisha miaka kumi ya Uhuru mwaka 1971. Mtu ni Afya ilifuata mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Mtu ni Afya ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu. Ilidumu kwa wiki kumi na mbili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili. Utaratibu wa kila mkutano ulikuwa mmoja nchi nzima: kikundi kilisikiliza kipindi, kilisoma sehemu ya kijitabu kwa pamoja, kilijadili, kisha kiliamua kazi ya kufanya, kama vile kuchimba choo, kufyeka nyasi au kufukia madimbwi ya maji. Mkutano uliofuata uliuliza kama kazi imefanyika.

Mambo matatu yanajitokeza hapa. Kwanza, redio moja ilitosha kwa kikundi kizima. Asiyekuwa na redio nyumbani hakuachwa nje. Pili, fedha na muda vilitumika kumwandaa kiongozi wa kikundi kabla ya chombo kuwashwa. Tatu, ingawa redio haikuweza kumsikia msikilizaji, ratiba ilitenga muda wa msikilizaji kusema. Udhaifu wa chombo ulifidiwa na mpangilio wa watu. Mpangilio huo haukuwa bila kasoro: mada ziliamuliwa makao makuu, na kikundi kilijadili namna ya kutekeleza zaidi ya kujadili kama kitekeleze. Lakini kama mbinu ya kujifunza kwa ushirikiano kutoka mbali, hakuna kampeni iliyofuata nchini iliyoufikia upana wake.

4.0 Miaka ya Bara Bila Televisheni

Wakati vikundi vya redio vikiendelea Bara, Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere uliona televisheni kuwa chombo cha gharama ambacho kingewafikia wakazi wachache wa mijini na kupanua pengo kati yao na wanavijiji. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, uamuzi uliolegezwa polepole katika miongo iliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1974, Azimio la Musoma liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na lengo likawa kulifikia ifikapo 1977. Wahitimu wa darasa la saba walichukuliwa kufundishwa ualimu ili kuziba upungufu. Hivyo basi, katika muda wa miezi kadhaa nchi iliamua mambo mawili yaliyoathiri darasa kwa miaka mingi: watoto wote waingie shuleni, na teknolojia ya picha na kompyuta isubiri. Uamuzi wa kwanza ulijaza madarasa, na wa pili ulihakikisha kwamba mwalimu wa darasa hilo lililojaa angeitegemea chaki, na pale ilipowezekana redio.

Ni rahisi kuulaumu uamuzi wa pili kwa kuutazama kutoka karne ya 21. Hata hivyo, hofu iliyouzaa ilikuwa na msingi. Televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, zikiongozwa na kampuni binafsi kama ITV, zilitazamwa kwanza na wenye umeme na uwezo wa kununua seti. Katika mitaa ya Temeke na Manzese, watoto walitazama kupitia madirisha ya majirani au walilipa kiingilio katika vibanda vya video. Chombo kilikuwa kimeingia mtaani, lakini hakikuingia shuleni. Katika muongo huo huo shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliongezeka, na pengo la lugha likaungana na pengo la kipato.

5.0 Video Inaingia Darasani, 2007–2014

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo kadhaa yalikutana. Ada ya shule za msingi iliondolewa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulianza mwaka 2002. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, ikafuatwa mwaka 2007 na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Mazungumzo ya video yenyewe yalikuwa yamekwisha kufika jijini, lakini kwa watu wazima: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika Chuo Kikuu cha mtandao cha Afrika kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na muda mfupi baadaye jiji lilipata kituo cha mikutano ya video kwa mafunzo ya watumishi na wataalamu. Mtoto wa shule ya msingi hakuwamo katika hesabu hiyo.

Mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa hatua ya kwanza kubwa ya kumfikishia mtoto wa shule ya umma picha inayotembea. Mbinu yake ilijaribiwa kwanza Ufilipino. Nchini Tanzania ilihusisha shule za msingi 150. Mwalimu alitumia simu ya mkononi kupakua video fupi ya hisabati, sayansi au stadi za maisha kupitia mtandao wa simu, kisha akaiunganisha simu na televisheni iliyowekwa darasani. Kila video iliambatana na mwongozo wa mwalimu unaoeleza maswali ya kuuliza na shughuli za vikundi.

Mfanano wake na kampeni za redio ni wa wazi. Chombo kimoja kilitumika na darasa zima, mwalimu aliandaliwa kabla, na video ilikuwa mwanzo wa mjadala. Tofauti ilikuwa katika uendelevu. Vikundi vya mwaka 1973 vilitumia redio ambazo tayari zilikuwemo mitaani na vijijini. Darasa la 2007 lilitegemea simu maalumu, televisheni, umeme na gharama za mtandao zilizobebwa na wafadhili. Mradi wa namna hii unapofikia ukomo, shule hurithi vifaa bila kurithi bajeti ya kuviendesha.

Mwaka 2009 kebo ya kwanza ya baharini ya SEACOM ilitua Dar es Salaam, ikafuatwa na EASSy. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuisambaza huduma hiyo mikoani. Kwa umbali wa kijiografia, shule za pembezoni mwa Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa shule za nchi zilizo karibu zaidi na mahali mkongo unapotoka baharini. Ukaribu huo haukuzaa muunganisho, kwa sababu mtandao ulifuata njia za soko: ofisi, hoteli, vyuo, na shule zenye uwezo wa kulipia.

Mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kurushwa na TBC. Kilifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na watoto waliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwa mara ya kwanza mtoto aliyeketi mbele ya televisheni alipewa njia, japo nyembamba, ya kujibu. Lakini njia hiyo ilipita katika simu ya mzazi. Kipimo kilikuwa kimehama kutoka kikundi kwenda kaya.

6.0 Siku Zaidi ya 100: Machi hadi Juni 2020

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha sita na vyuo vilirejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine, zikiwemo za msingi, zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Wanafunzi wa shule za msingi walikaa nyumbani kwa siku zaidi ya 100.

Mwitikio wa elimu ya umma ulirudi kwenye chombo cha zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania ilishiriki kuandaa masomo yaliyorushwa kwa redio na televisheni, na vitabu vya kiada vikawekwa katika maktaba mtandao. Kwa upande mwingine, shule binafsi zenye uwezo, hasa zile za mitaala ya kimataifa, zilihamia kwenye mazungumzo ya video. Mtoto mmoja wa Kinondoni aliona uso wa mwalimu wake na wa wenzake kila asubuhi, akainua mkono katika kioo na kuitwa kwa jina. Mtoto mwingine wa Kinondoni hiyo hiyo, kilomita chache tu kutoka hapo, alisikiliza somo ambalo halikuweza kujua kama yupo.

Tofauti hii haielezwi kwa umiliki wa simu pekee. Simu janja zilikuwa zimeenea Tandale na Mbagala kabla ya 2020. Lakini simu ya kaya kwa kawaida ni simu ya mzazi, na mzazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam huondoka alfajiri: mama lishe, dereva wa bodaboda, mchuuzi wa Kariakoo, kibarua wa viwandani. Simu huondoka naye, kwa kuwa ndiyo duka na benki yake. Inaporejea jioni, kifurushi kimekwisha, na mazungumzo ya video hutumia data nyingi kuliko ujumbe au sauti. Katika nyumba ya watoto watatu wa madarasa tofauti, simu moja haiwezi kuhudhuria masomo matatu. Ugumu wa gharama ulijidhihirisha hadharani Aprili 2021, pale mabadiliko ya bei za vifurushi vya intaneti yalipozua malalamiko makubwa hadi yakasitishwa.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanahistoria ni kwamba masomo ya redio ya mwaka 2020 yalikuwa hafifu kwa ushirikiano kuliko yale ya mwaka 1973, ingawa chombo kilikuwa kile kile. Sababu zilikuwa mbili. Ugonjwa ulikataza mikusanyiko, kwa hiyo kikundi hakikuwezekana. Pia, dharura haikutoa muda wa kumwandaa mtu wa kukaa pamoja na msikilizaji. Mzazi alikabidhiwa dhima ya kiongozi wa kikundi bila kijitabu wala mafunzo, na mara nyingi bila muda. Redio ilibaki peke yake, na ikiwa peke yake ilirudi kuwa sanduku linalosema bila kusikiliza.

7.0 Video Mikononi mwa Mwalimu, 2020–2023

Shule zilipofunguliwa, mazungumzo ya video hayakutoweka. Yalihama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ujulikanao kama MEWAKA, uliweka mkazo katika jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu hukutana shuleni na katika vituo vya walimu, wakisaidiwa na mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Kwa mara ya kwanza, walimu wengi wa shule za umma walishika kifaa cha serikali chenye kamera, kioo na uwezo wa mtandao.

Jumuiya ya ujifunzaji inakikumbusha kikundi cha mwaka 1973: watu walio mahali pamoja, kiongozi, mada, mjadala na kazi ya kufanya. Hata hivyo, ushirikiano huo uliishia katika chumba cha walimu. Wanafunzi wa shule za umma wamekatazwa kuwa na simu shuleni, katazo lenye sababu zake za nidhamu na usalama. Njia pekee iliyobaki ya kumfikishia mwanafunzi mazungumzo ya video shuleni ni kifaa cha mwalimu kilichounganishwa na projekta au televisheni mbele ya darasa zima. Mazingira hayo, bila kukusudia, yanalirudisha darasa kwenye kipimo cha kikundi.

Sheria nazo zimebadili mazingira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaelekeza maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika mwaka 2023. Redio haikuchukua sura ya mtoto wala sauti yake. Kamera huchukua vyote viwili. Ruhusa ya mzazi na uhifadhi wa rekodi ni masuala ambayo kampeni za zamani hazikulazimika kuyajibu.

8.0 Saa, Lugha na Zamu ya Kusema

Kwa kuwa mazungumzo ya video hufanyika papo kwa papo, saa huamua nani anaweza kushirikiana na nani. Mipango ya ubia wa shule, ukiwemo ule wa British Council uliounganisha shule za Uingereza na za nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, iliwazoesha walimu kuuwazia ushirikiano wa mbali kama uhusiano na Ulaya. Ratiba ya zamu mbili inaonyesha kikomo cha wazo hilo. Wakati wa baridi, saa nne asubuhi Dar es Salaam ni saa moja asubuhi London. Zamu ya asubuhi ya Mbagala inapofunga masomo saa sita mchana, wenzao wa London ndio kwanza wanaingia darasani. Watoto wa zamu ya asubuhi hawana saa ya kuzungumza nao. Walio na nafasi hiyo ni wa zamu ya mchana pekee.

Afrika Mashariki yenyewe haina kikwazo hicho. Dar es Salaam, Unguja, Kigoma, Mombasa na Nairobi hutumia saa moja, na mtoto wa darasa la nne wa Mbagala anaweza kuzungumza na mwenzake wa Kigoma kwa Kiswahili bila mkalimani. Tena upo ujuzi unaopatikana kwa ushirikiano huo tu. Kigoma iko karibu nyuzi kumi za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchwa huko kwa kuchelewa kwa takribani dakika 40. Madarasa mawili yanayopima urefu wa kivuli cha kijiti kwa saa ile ile, huku yakionana na kusomeana vipimo, hujifunza mzunguko wa dunia kwa namna ambayo hakuna darasa moja linaloweza kujifunza peke yake. Hapo video inafanya kazi ambayo redio isingeweza.

Swali la zamu ya kusema linabaki. Katika darasa la watoto themanini au zaidi, chini ya paa la bati ambalo mvua ikinyesha hufunika kila sauti, maikrofoni ya kishikwambi humsikia aliye mbele tu. Bila mpangilio, watoto watatu hodari huzungumza na waliosalia hutazama, na video hugeuka televisheni. Jibu la mwaka 1973 lingali na manufaa: gawa darasa katika vikundi, kila kikundi kijadili kabla ya kuunganishwa, kisha kitume msemaji anayebadilishwa kila somo. Kioo huwashwa kwa dakika chache. Kazi kubwa hufanyika kabla na baada.

Mpangilio huo una faida nyingine. Mei 2024, kukatika kwa kebo za baharini kulidhoofisha intaneti nchini kwa siku kadhaa. Somo linalotegemea mtandao kwa kila dakika hufa siku kama hiyo. Somo ambalo moyo wake ni kikundi huendelea, na vipimo vya kivuli vikasubiri siku nyingine kusomwa.

9.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa haiendi moja kwa moja kutoka chombo duni kwenda chombo bora na kutoka ushirikiano mdogo kwenda mkubwa. Mwaka 1973, chombo duni kilicho katikati ya kikundi kilichoandaliwa kilileta ushirikiano mpana. Mwaka 2007, video na mwongozo wa mwalimu vilifuata kanuni hiyo katika shule chache na kwa fedha za wengine. Mwaka 2020, chombo bora kuliko vyote kiligawa watoto wa wilaya moja kwa kipato cha wazazi wao. Kilichobadilika katika kipindi hicho chote ni kipimo: kikundi, kisha darasa, kisha kaya.

Kwa hiyo, mjadala wa sera kuhusu mazungumzo ya video katika shule za msingi za Kinondoni, Temeke na kwingineko haufai kuanza na idadi ya vifaa. Unafaa kuanza na maswali ya kikundi: nani ataandaliwa kukiongoza, kitazungumza na nani kwa saa ipi na kwa lugha gani, na kila mtoto atapata lini zamu ya kusema. Taifa liliwahi kuyajibu maswali haya kwa redio ya betri na kijitabu. Vishikwambi vilivyomo mikononi mwa walimu vimeyafungua upya, na mtoto wa zamu ya mchana wa Chamazi ana haki ya jibu lisilotegemea saa ambayo simu ya mama yake inarudi nyumbani.